Unyayo Mmoja Katika Kinamasi



Siku moja nilikuwa nikiwafundisha watoto wa darasa la tano juu ya wajibu wa kurudisha mali ya watu. Niliwaeleza kwamba aliyeiba kuku arudishe kuku, na aliyevunja chungu cha jirani alipe chungu. Somo lilikuwa rahisi, nao walilielewa upesi. Ndipo kijana mmoja wa nyuma, ambaye kwa kawaida hasemi neno, akainua mkono na kuuliza: "Mwalimu, watu mia wakipita kando ya shamba la mahindi, na kila mtu akachuma punje moja tu, mwenye shamba atamdai nani?" Darasa zima likacheka. Nami nikacheka pamoja nao, nikageukia ubao, nikaendelea na somo. Lakini sikucheka kwa kuwa swali lilikuwa la kipumbavu. Nilicheka kwa kuwa sikuwa na jibu, tena kwa sababu nyingine nitakayoisema mbele.

Leo nalirudia swali la mtoto yule, maana nimelikuta tena mahali ambapo sikulitazamia hata kidogo, nayo ni matope ya mlima Ruwenzori.

Mlima huo twaujua sote tunaokaa upande wa Beni na Butembo. Asubuhi zisizo na mawingu, ambazo ni chache, theluji yake huonekana kutoka mbali. Na kilele chake cha Margherita, chenye urefu wa meta 5,109, kiko juu ya mpaka wenyewe wa Kongo na Uganda. Upande wetu ni sehemu ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925. Upande wa pili ni hifadhi nyingine, iliyoanzishwa na serikali ya Uganda mwaka 1991. Watawala waliukata mlima vipande viwili, lakini watu hawakukatika: Wanande wa huku na Wakonzo wa kule husikilizana kwa lugha, huoana, na huzikana.

Mwezi wa Julai, mwaka 2022, walimu wanne tulivuka mpaka wa Kasindi wakati wa likizo, kwenda kuwaona jamaa za mwenzetu mmoja huko Kasese. Tangu utoto tulikuwa tukiutazama mlima ule kwa mbali, tukapatana kwamba safari hii tutaukanyaga. Kwa nini tulipanda upande ule, wala si upande wetu wa Mutwanga, kila msomaji wa Beni ajua. Miaka ya vita imezifunga njia nyingi. Jamaa wale wakatutafutia wachukuzi wawili na kiongozi, mtu aliyepita miaka 60, mwembamba, asiyesema mengi. Nitamwita Mzee, maana ndivyo tulivyomwita njiani.

Siku ya kwanza tulitoka Nyakalengija, penye meta 1,646, tukalala Nyabitaba, penye meta 2,651. Siku ya pili tulifika kibanda kiitwacho John Matte, kwenye meta 3,414. Siku hizo mbili nazipita bila kusema neno. Ninayotaka kuisimulia ni siku ya tatu, kutoka hapo mpaka kibanda cha Bujuku, kwenye meta 3,962. Ndiyo siku ya kinamasi.

Mtu akitazama hesabu tu, atasema ni siku ndogo, kwa kuwa ni kupanda meta 548. Lakini hesabu ya meta haihesabu matope. Mvua hunyesha mlimani kule karibu mwaka mzima, na maji yakifika kwenye bonde bapa hayana haraka ya kuondoka. Katika Bigo (ndilo jina la kinamasi hicho, nacho kina sehemu mbili, ya chini na ya juu) huota majani marefu ya jamii ya ndago. Hayatandai kama nyasi za uwanja. Kila shina hujijengea tuta lake, lenye kimo cha goti, pengine zaidi, na kati ya tuta na tuta ni maji meusi. Kando yake imesimama mimea ambayo mtu wa bondeni akiiona hudhani anaota ndoto: lobelia zenye maua yaliyopangwa kama nguzo ndefu kuliko mtu, na miti minene ambayo kila tawi lake lina kichwa cha majani kama kabichi kubwa. Miti ya pembeni imevaa ndevu za kijivu. Hakuna kelele ya ndege. Kuna ukimya, na sauti ya buti likichomolewa matopeni, ambayo sitaieleza katika gazeti la dini.

Njia ya kupita ni kuruka kutoka tuta moja mpaka jingine, na kuweka mguu katikati yake, si pembeni. Maana ukikanyaga pembeni tuta huinama na kukutupa. Mwenzetu mmoja, anayejivunia hesabu kuliko sisi sote, alipima vizuri akaruka vibaya. Akazama mpaka paja. Tulipomvuta akatoka yeye, buti likabaki. Mchukuzi mmoja akalala kifudifudi juu ya tuta, akalitafuta kwa mkono kama mtu atafutaye kambale, akalipata. Tulicheka sana, na mwenye buti alicheka mwisho.

Mahali pengine wenye hifadhi wametandika njia ya mbao juu ya kinamasi, nasi tulipozifikia mbao hizo tulitembea kama mabwana. Yapata saa tano ya asubuhi tulifika mahali ambapo mbao zilikoma, na mbao nyingine zilionekana mbele, kama hatua 40. Kati yake ilikuwa tope tupu, jeusi, laini kama uji wa mtama. Upande wa kushoto kulikuwa na majani laini ya kuvumwani, ya kijani na mekundu, yametandikwa kama godoro. Nilikuwa nimevaa mabuti ya mpira ya kuazima, na suruali yangu kavu ilikuwa moja tu. Nikatazama kushoto, nikaona nyayo za waliotangulia. Hao nao walilikwepa tope. Basi nikawafuata. Hatua ya kwanza ikazama kidogo, na ya pili vivyo hivyo. Nilikuwa katika hatua ya sita au ya saba niliposikia Mzee akiniita.

"Mwalimu, rudi. Pita hapa katikati."

"Mzee, hapo ni tope mpaka magotini."

"Naam, ni tope. Tope hufuliwa. Hayo unayoyakanyaga hayafuliwi."

Nikamjibu kwa heshima, lakini kwa uchungu kidogo, kwa kuwa wenzangu walikuwa wakitazama: "Wamekwisha kupita wengi hapa, Mzee. Unyayo wangu mmoja utaongeza nini?"

"Na yule aliyepita jana alisema nini?"

Sikuwa na neno. Nikarudi, nikaingia katikati. Tope likanifika gotini, na baridi yake ikapanda mpaka tumboni. Mzee akanionyesha kwa fimbo yake. Kushoto mwa njia ya tope palikuwa na njia ya pili, ambayo zamani ilikuwa majani na sasa ni tope pia. Kushoto mwa hiyo palikuwa na ya tatu, yenye majani machache yaliyochafuka. Nami nilikuwa nikifungua ya nne. Alipokuwa kijana akibeba mizigo ya wageni, akasema, watu walipita hapo kwa mstari mmoja. "Hakuna aliyeipanua njia," akasema. "Kila mtu alijiepusha tu na tope." Akageuka, akaendelea na safari, wala hakulitaja tena jambo hilo mpaka tuliposhuka.

Basi nikawa na saa nyingi za kufikiri, maana katika kinamasi mtu hawezi kuzungumza. Pumzi yote ni ya miguu.

Kwanza nilijitetea. Nilisema moyoni: mzee huyu anayapenda majani kuliko watu. Lakini yafaa tujue majani yale ni kitu gani. Katika kinamasi mmea ukifa hauozi kabisa, kwa kuwa maji huizuia hewa kuufikia. Mabaki yake hulala juu ya mabaki ya mwaka uliotangulia, na hivyo mboji hupanda polepole, kwa kawaida milimita moja hivi kwa mwaka, pengine pungufu. Buti linalozama sentimeta 20 limeshuka katika kazi ya miaka 200 na zaidi. Tena tusidhani mambo haya ni ya milimani tu. Katika misitu yenye maji ya bonde la mto Kongo, pande zote mbili za mto, wataalamu walitangaza mwaka 2017 kwamba wamepima eneo la mboji la kilometa za mraba zipatazo 145,500, lililoshika kaboni tani bilioni 30 hivi. Mboji hiyo ikikauka, kaboni hiyo huingia hewani na kuzidisha joto la dunia. Kile tunachokiita tope na kukipuuza ni ghala iliyojazwa na mikono isiyoonekana kabla ya kuzaliwa babu zetu.

Hata hivyo, utetezi wangu haukuwa juu ya thamani ya mboji. Nilisema tu kwamba unyayo mmoja hauongezi kitu. Je, ni kweli?

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nami hulipima neno kwa hesabu ya watoto. Sifuri mara elfu ni sifuri. Ikiwa unyayo mmoja ni sifuri kweli kweli, basi nyayo elfu zingekuwa sifuri, na kinamasi kingekuwa kizima kama siku kilipoumbwa. Lakini si kizima. Nimeiona njia ya pili na ya tatu kwa macho yangu. Basi unyayo ule haukuwa sifuri. Ulikuwa kitu kidogo kiasi cha kutoonekana, nasi wanadamu tuna desturi ya kukiita sifuri kila kitu kidogo kisichoonekana, hasa kikiwa ni chetu.

Mtu mwenye akili atanipinga hapa, nami nampa haki yake. Atasema: "Mwalimu, hesabu yako ni ya namba, lakini majani si namba. Unyayo wa kwanza katika majani laini hujifunga wenyewe. Baada ya miezi huuoni tena. Basi wa kwanza alikuwa sifuri kweli, na wa pili, na pengine wa kumi. Kidonda huanza nyayo zinapofuatana kabla majani hayajapona." Neno hili ni la kweli; Mzee mwenyewe alikubali, nilipomwuliza jioni, kwamba mtu mmoja akipita peke yake mlima humsamehe. Lakini tazameni neno hili linanipeleka wapi. Mimi sikuwa wa kwanza. Nilizitazama kwanza nyayo za wengine, ndipo nikapita, na nyayo hizo hizo ndizo nilizozitaja kuwa udhuru wangu. Kumbe zilikuwa ushahidi juu yangu! Kama hakuna aliyepita, unyayo wangu ungepona. Kwa kuwa wengi wamepita, wangu ni mmojawapo wa zile zisizopona. Yule anayesema "wengine wamekwisha kuharibu" ndiye ambaye hatua yake ina uzito kuliko zote, naye ndiye anayejiona mwepesi kuliko wote.

Nilipofika hapo katika kufikiri kwangu, nilikumbuka maharagwe.

Nilisema kwamba nilicheka darasani kwa sababu nyingine. Ni hii. Miaka kadhaa iliyopita nilifundisha katika shule ambayo sitaitaja. Mwanzo wa muhula wafadhili walituletea magunia manne ya maharagwe, ya kilo 50 kila moja, ili watoto wadogo wapate chakula cha mchana. Yaliwekwa katika chumba cha nyuma ya ofisi. Miezi ile mishahara yetu haikufika. Ijumaa moja mwalimu mmoja alichukua kopo moja, kama kilo moja hivi, apeleke nyumbani kwake, hakujificha, alituambia. Ijumaa iliyofuata tulichukua sote. Tulikuwa walimu kumi. Mimi nilipoingiza kopo langu gunia lilikuwa wazi, na nilipolitoa nilitazama: gunia lilikuwa vile vile. Naapa halikupungua machoni pangu. Ijumaa kumi zilipita hivyo.

Wasomaji wanaojua hesabu wamekwisha kuijumlisha: kilo 100, yaani magunia mawili katika manne. Chakula kilikoma wakati muhula ulikuwa bado wiki tano. Mkuu wa shule aliuliza, kila mmoja akajibu kweli tupu: "Kopo moja tu." Mwizi hakupatikana, kwa kuwa hakuwako. Lakini darasa langu la kwanza lilikuwa na binti mdogo aliyetembea saa mbili kuja shuleni, na mama yake alikuwa akimleta kwa ajili ya sahani ile. Wiki ya pili bila chakula alilala juu ya dawati kila siku kuanzia saa nne. Wiki ya tatu hakuja, wala hakurudi tena mwaka ule. Niliandika jina lake katika daftari la wasiokuwapo, kwa mkono ule ule.

Sisemi kwamba tulikuwa wabaya kuliko watu wengine. Njaa ya nyumbani kwangu ilikuwa njaa ya kweli, na anayemhukumu mwalimu asiyelipwa na aje kwanza akae miezi minne bila mshahara. Udhuru huo una nguvu zake mbele ya Mungu na mbele ya watu. Lakini katika kinamasi sikuwa na njaa. Nilitaka tu suruali yangu ikae safi. Na akili iliyonifundisha kukanyaga majani ilikuwa ile ile, kwa maneno yale yale: mmoja tu, wengine wamekwisha, haionekani. Mtu akijizoeza maneno hayo siku ya njaa, atayatumia na siku ya shibe.

Nitaongeza neno moja la aibu. Mishahara ilipofika nilirudisha makopo yangu kumi, moja moja, usiku. Nikatazama ndani ya gunia jipya: halikujaa zaidi machoni pangu. Wala hakuna aliyejua. Nikashuka moyo, nikasema kazi hii ni bure! Kopo la kutoa niliona si kitu, nikatulia. Kopo la kurudisha niliona si kitu, nikanung'unika.

Sasa lipo swali gumu kuliko hayo, nalo lilinisumbua mpaka tulipoliona ziwa la Bujuku. Tuseme mimi napita katikati, natopea mpaka magotini, na wote wanaonifuata wanapita pembeni. Majani yatakufa vile vile. Nimefanya nini basi, ila kujichafua? Hapa wahubiri wengi hukimbilia kusema kwamba mfano mwema huwavuta watu. Kwa sehemu ni kweli. Wenzangu watatu waliokuwa nyuma yangu, baada ya mimi kurudishwa, walipita katikati wote bila kuambiwa. Mtu katika kinamasi hutazama nyayo za aliye mbele, na unyayo hauonyeshi tu kwamba fulani amepita, humwambia na wa nyuma: hapa panaruhusiwa. Lakini wale watatu walikuwa rafiki zangu na Mzee alikuwa akitutazama. Kesho yake watapita watu nisiowajua, nao hawatajua kwamba katika tope lile palipita mwalimu mmoja mwenye nia njema. Tope halihifadhi unyayo; majani ndiyo yanayouhifadhi. Mabaya yameandikwa, mema yamefutika.

Basi kwa nini kupita katikati, ikiwa hakuna atakayejua wala kufuata? Nimefikiri juu ya neno hili muda mrefu, nami sioni mbali. Naona hili tu: mwenye shamba wa kile kisa cha mtoto, akiwasimamisha wale watu mia na kuwauliza mmoja mmoja, nataka awepo hata mmoja anayeweza kuonyesha kiganja kitupu. Hiyo haimrudishii mahindi yake. Lakini itamzuia asiseme kwamba watu wote ni wamoja, na kwamba haikuwezekana kupita bila kuchuma. Je, hili ni haki, au ni kiburi cha mtu anayependa kuwa safi? Siku nyingine naona hivi, siku nyingine vile. Najua tu kwamba usafi wa namna hii humpaka mtu matope mpaka magotini, na kiburi kwa kawaida huchagua njia kavu.

Niliporudi nyumbani nilimsimulia habari hizi padri mmoja mzee, Mwingereza. Akaniambia kwamba kwao nako kuna milima mipana isiyo na miti, yote mboji na maji, na kwamba tarehe 24 Aprili 1965 ilifunguliwa njia ya miguu iitwayo Pennine Way, yenye urefu wa kilometa 430 hivi, inayoivuka. Watu waliipenda, wakaja wengi. Kila mmoja akalikwepa tope. Katika sehemu nyingine njia ya mtu mmoja ikawa pana kuliko barabara ya magari, jeusi tupu, hata mvua ikawa inaichukua mboji na kuiteremsha mitoni. Maonyo hayakufaa kitu. Ndipo katika miaka ya 1990 wakatandika mawe bapa, mengi yake yakiwa yametolewa katika sakafu za viwanda vya zamani vya pamba vilivyobomolewa, wakayapeleka juu kwa helikopta. Watu wakapita juu ya mawe, na pembeni majani yakaanza kurudi.

Padri akacheka, akasema: "Mahubiri ya miaka 25, na jiwe likawashinda wahubiri." Nami nakubaliana naye kuliko alivyotazamia. Sisi walimu wa dini tunapenda maonyo kuliko mbao. Ni rahisi kusimama juu ya tope na kuwaambia watu watopee. Ni kazi kubeba mbao mgongoni mpaka meta 3,500. Katika shule ile ya maharagwe hatukuongoka kwa mahubiri. Mwaka uliofuata mkuu wa shule alinunua kufuli yenye funguo mbili, moja kwake na moja kwa mama mmoja wa kamati ya wazazi, na daftari ambalo kila kopo liliandikwa ndani yake. Maharagwe yalifika mwisho wa muhula. Walimu tulikuwa wale wale. Basi anayetaka watoto wale, na atandike mbao kwanza.

Lakini mbao huoza, hasa katika mvua ile. Kadhaa tulizikuta zimevunjika, na misumari ikitazama juu. Tena kila njia ya mbao ina mwisho. Hapo zinapokoma, katika hatua zile 40, hakuna kufuli wala daftari, na mtu hubaki na swali la mtoto wa darasa la tano.

Tulifika Bujuku alasiri, tumechoka, na ukungu umeufunika mlima wote, tusione theluji hata kidogo. Nilishuka kwenye kijito nikaosha mabuti na suruali. Maji yalikuwa baridi hata vidole vikauma kama vimekatwa. Lakini tope lilitoka lote upesi, kama Mzee alivyosema. Usiku ule mwenzetu mwenye hesabu alishikwa na maumivu makali ya kichwa, akatapika, kwa sababu ya wembamba wa hewa ya juu. Mzee akamtazama kwa taa, akaamua tusiendelee. Kulipokucha turudi kwa njia ile ile. Hatukubishana naye.

Basi kesho yake, kabla ya adhuhuri, tulifika tena mahali pale kati ya mbao na mbao. Tukaingia katikati wote, kila mtu kwa zamu yake, mgonjwa akishikwa mkono na mchukuzi. Nikageuka kutazama upande wenye majani laini. Nyayo zangu zilikuwapo, sita au saba, zimejaa maji, kila moja ikiwa na kipande kidogo cha mawingu ndani yake. Nilizihesabu. Katika ile ya nne kulikuwa na unyayo mwingine umekanyagwa juu ya wangu, mpya, wa buti kubwa kuliko langu, nao uliendelea mbele mpaka kwenye mbao. Mzee naye aliuona. Akanitazama kidogo, akachomeka fimbo yake katika tope, akapita.